Mwaka Niliojifunza Kuchora Joka

Mwezi uliopita tulimzika Mama Kasyoka kule Shimba Hills, katika shamba la kaka yake, mvua nyepesi ikinyesha na udongo ukiganda kwenye viatu. Sikuwa nimeonana naye tangu ujana wangu. Habari za kifo chake nilizipata kwa simu, kwa sauti ya mwanamke nisiyemjua: "Anti Ndinda, shikamoo. Ni mimi Kasyoka. Mama ametuacha." Nilipomwona Kasyoka mara ya mwisho alikuwa mtoto wa miaka minne. Nilimpa pole, nikauliza maziko ni lini, nikadhani tumemaliza. Kabla ya kukata simu akasema, "Njoo, tafadhali. Kuna jambo nimetaka kukuuliza tangu zamani." Nilijua ni jambo gani. Mume wangu aliponiuliza nina nini nilimwambia ni majonzi tu, na hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ilikuwa hofu, ile ile ya zamani, ambayo nilidhani umri umeniondolea.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikikaa kwa Mama Kasyoka huko Ukunda. Hakuwa ndugu yangu. Tulisali kanisa moja, naye alikuwa ametoka sehemu za kwetu, na siku hizo hilo lilitosha. Alikuwa na vyumba viwili nyuma ya soko, vilivyotenganishwa na mbao nyembamba hata mtu akipiga mwayo upande wa pili ungemsikia. Chumba cha mbele kilikuwa na makochi mawili yaliyofunikwa vitambaa alivyovifuma mwenyewe, meza, na kalenda ya kanisa. Cha nyuma kilikuwa na kitanda kikubwa tulicholala sote, mtoto katikati, na gunia la mahindi na ndoo za maji. Alifua mashuka katika hoteli moja ya Diani, akirudi jioni vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchanganywa na maharagwe, akaupakua kwenye sahani za bati, na kabla hatujala aliomba sala ndefu hadi mvuke ukatulia. Alikuwa mwanamke mwema. Nalisema hili mapema kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu asahau, na mimi mwenyewe nilikaa miaka mingi nimelisahau. Alinipokea bila ya kuniuliza nitaondoka lini.

Kazi yangu ilikuwa kwa Fundi Omari, mwandishi wa mabango, Mdigo wa Waa aliyekuwa na kibanda cha mabati kwenye njia ya kuelekea Diani. Tuliandika majina ya vinyozi, ya mikahawa, ya maduka ya kukodisha baiskeli kwa wazungu. Kwa herufi hakuwa na mpinzani. Aliweza kuandika bango zima bila ya kupiga mstari wa penseli. Lakini kuku wa muuza kuku, samaki wa muuza samaki na kichwa cha kijana aliyenyolewa, hivyo vyote aliniachia mimi. "Mimi herufi tu, mwanangu," alisema. "Chenye roho sichori. Siku ya Kiyama nikiambiwa nikitie uhai, nitautoa wapi?" Alilisema bila ya kunihukumu, kama mtu anayekwambia hali pilipili. Basi alipofika Bwana Li, Mchina aliyekuwa akitengeneza mkahawa wake karibu na ufuo wa Diani, akataka joka lienee ukuta mzima wa chumba cha kulia, Fundi Omari alinigeukia akasema, "Ndinda, hii ni yako." Nikamwambia sijawahi kuchora joka maishani. "Nani hapa amewahi?" akauliza.

Nilichora nilichokijua. Nilimchukua chatu wa Shimba Hills, nikampa miguu ya kenge na ulimi wa moto, nikamtandaza ukutani kwa chaki kuanzia dirishani hadi mlangoni, na nilipomaliza nilijisikia fahari. Mama yake Bwana Li akatoka jikoni. Alikuwa kizee mfupi, nywele zimekatwa sawasawa na masikio, mikono myeupe kwa unga, na wafanyakazi wote walimwita Bibi. Alikuwa amekuja kutoka China kukaa na mwanawe na hakujua lugha yoyote ya hapa isipokuwa maneno machache aliyoyaokota kwa wapishi. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi," akanijibu, "Karibu." Akautazama ukuta kwa muda mrefu, akamsemesha mwanawe. Bwana Li akacheka. "Mama anauliza, mnyama huyu anaumwa nini?" Kisha Bibi akachukua kitambaa kilicholowa, akafuta kila kitu. Uso uliniwaka. Nilidhani kazi imekwisha. Yeye akanishika kifundo cha mkono, mkono wake ukiwa na nguvu nisizozitegemea, akanipeleka jikoni, akamwaga unga wa ngano juu ya meza, akausawazisha kwa kiganja, na kwa kidole kimoja akavuta mstari. Ulipanda, ukashuka, ukajikunja, ukapita chini yake wenyewe, ukatokea upande wa pili. Ulikuwa mgongo tu, hauna kichwa wala miguu, lakini ulikuwa hai kuliko chatu wangu mzima.

Kuanzia siku hiyo nilikwenda kila alasiri, baada ya kazi ya mabango. Ukuta haukuguswa. Nilichora mgongo kwenye unga, Bibi akautazama, akasema "Bado," akaufuta kwa kiganja, nikachora tena. "Bado" lilikuwa neno lake kubwa. Wapishi walilitumia kwa wali usioiva, naye akalitumia kwa mistari yangu, kwa mvua, kwa mwanawe aliyechelewa kuja kula. Nilipobana pumzi alinigonga mgongoni ili niiachie. Polepole nikaelewa kwamba mstari unatoka begani, na kwamba mkono ukiogopa, mstari unatetemeka na kila mtu ataona. Na mimi nilikuwa mtu wa kuogopa. Bwana Li alipopita alinitafsiria kidogo: pembe za paa, masikio ya ng'ombe, magamba ya samaki, kucha za tai. Siku moja nilichora vidole vitano, Bibi akakifuta kidole kimoja kwa ncha ya ukucha. "Vitano ni vya mfalme," Bwana Li akasema. "Sisi tunauza tambi." Nilimuuliza joka hilo hufanya nini, linakula watu? Akamuuliza mama yake, na kizee akanitazama kwa mshangao. Huleta mvua, nikaambiwa. Kijijini kwao, mashamba yakikauka, watu walitengeneza joka la kitambaa wakalichezesha njiani. Baada ya somo alinipa bakuli la uji wa mchele wenye tangawizi na yai la chumvi, akakaa mbele yangu hadi nikalimaliza, kisha akaligeuza bakuli kuona kama limebaki kitu.

Nyumbani sikusema lolote. Nilimwambia Mama Kasyoka kwamba ninapaka rangi mkahawa, basi. Lakini nilitaka kufanya mazoezi, na nyumbani hapakuwa na unga wa kuchezea, hivyo nilichora kwa penseli kwenye karatasi kubwa za kufungia vitu, nikazificha chini ya godoro. Aliyezijua ni Kasyoka. Alikuwa akikaa miguuni pangu mama yake akiwa kazini, akihesabu magamba kwa namna yake, moja, mbili, nne, kumi. Siku moja, wakati kina mama wa maombi wamekaa chumba cha mbele na mimi niko nyuma ninaosha vyombo, nilimsikia mtoto akiingia kwao mbio na kusema kwa furaha, "Mama, ona joka la Ndinda!" Kupitia mbao zile nilisikia karatasi ikikunjuliwa. Dada Prisila, kiongozi wao, akasema, "Hiki kitu kinalala wapi?" Na mtoto, kwa kuwa hakufundishwa kuficha, akajibu, "Kitandani kwetu."

Majuma machache kabla ya hapo pasta alikuwa amehubiri habari za joka katika Ufunuo, yaani Shetani, na kwa watu wa kanisa letu hapakuwa na joka jingine duniani. Mama Kasyoka hakunigombeza. Alinipa sahani yangu ya chakula kama kawaida, akaniomba kwa upole niache kazi ile. Nilimweleza habari za mvua. Nilimweleza kwamba ni mapambo, kama simba kwenye kanga. Akanisikiliza akizungusha pete kidoleni. "Ndinda, mimi sijasoma sana," akasema. "Lakini nina mtoto mmoja." Nilihamisha karatasi nikaziweka juu, kati ya mabati na boriti, nikaendelea kwenda kwa Bibi, na kila siku nilipoingia nyumbani nilimtazama kwanza mtoto. Hilo sikumwambia mtu yeyote. Nilimgusa paji la uso nikijifanya ninampangusa jasho. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba wao wanajua kitu nisichokijua mimi.

Jumapili moja, tulipotoka kanisani, paji lile lilikuwa moto. Mama Kasyoka alimpa panadoli, jioni homa ikashuka, asubuhi ikapanda. Jumatatu Dada Prisila akaja na wenzake wawili. Nilisema tumpeleke hospitali. Nililisema mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida na mara ya pili kwa sauti ya juu, na Dada Prisila akanigeukia bila ya hasira. "Kwanza toa ulichokiingiza," akasema. Nikapanda juu ya gunia, nikazitoa karatasi, migongo na kucha na vichwa vyote vya miezi ile, nikazibeba hadi uani na kuzitia motoni kwa mkono wangu. Sikulia. Nilikuwa ninataka iwe kweli. Nilisimama pale ninaomba kwamba karatasi ya mwisho ikishika moto, homa nayo ishuke. Haikushuka. Wakaomba Jumatatu kutwa, wakaomba Jumanne. Mtoto aliacha kula, akawa anaomba maji na kuyatapika. Jumatano asubuhi, akiwa mapajani pa mama yake, macho yakageuka juu na mwili ukaanza kurukaruka. Wale wanawake wakapaza sauti. Mimi nilikimbia pekupeku hadi kwa Fundi Omari.

Alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea mabango. Hakuuliza maswali. Mama Kasyoka alipanda mbele na mtoto amemfunga kifuani, mimi nikapanda nyuma na makopo ya rangi, na barabara yote hadi Msambweni nilitazama kupitia kile kioo kidogo cha nyuma nikitafuta dalili kwamba mkono wa mtoto unacheza. Hospitalini walitupokea mara moja. Daktari, kijana mwenye macho ya usingizi, alikuwa akitafuta mshipa huku akiuliza, "Homa ilianza lini?" Mama Kasyoka akajibu, "Jana." Daktari akarudia, kama mtu aliyezoea jibu hilo, "Jana, mama?" Akasema, "Jana jioni." Nilisimama mlangoni. Namkumbuka vizuri alivyokuwa: kitambaa cha kichwa kimelegea, sabuni imekauka kwenye kucha, na uso wa mtu anayezama. Nilijua kwa nini amesema hivyo. Nilijua pia kwamba nikifungua kinywa sitakuwa tena na mahali pa kulala. "Tangu Jumapili, daktari," nikasema. "Amekuwa na homa tangu Jumapili." Mama Kasyoka aligeuka akanitazama. Sijatazamwa hivyo na mtu yeyote kabla ya hapo wala baadaye. Daktari hakuinua kichwa. Alimwambia muuguzi jambo kwa haraka, wakabadilisha dawa, wakatundika dripu, tukatolewa nje. Ilikuwa malaria iliyokwisha kupanda kichwani. Mtoto alilala bila ya fahamu, na hakuna aliyetuambia kama ataamka.

Sikuweza kukaa pale kwenye benchi karibu na Mama Kasyoka. Alisogea nilipokaa. Nikarudi Diani, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda, na Bibi aliponiona akaacha sufuria yake. Bwana Li naye alikuwa na haraka. Wageni wa ufunguzi walikuwa wamekwisha alikwa. Nilichukua chaki nikasimama mbele ya ukuta mtupu. Karatasi zangu zilikuwa majivu, lakini mgongo ulitoka begani wenyewe, ukapanda, ukashuka, ukajikunja, na nyuma yangu sikusikia neno "bado". Siku zilizofuata nilipaka rangi kuanzia asubuhi: magamba ya kijani, tumbo la manjano, mawingu. Nililala kwa dada yake Fundi Omari. Kila aliyeingia mlangoni nilidhani analeta habari ya msiba. Nilipofika kwenye macho, mkono ulikataa. Nilijiambia ni ujinga, ni rangi na ukuta, na bado sikuweza. Niliona kwamba nikilifungua macho hilo joka wakati Kasyoka amefumba yake, nitakuwa nimechukua kwa mmoja nikampa mwingine. Bwana Li alipandwa na hasira. "Wageni wanakuja kesho! Joka kipofu?" Nilimwambia kuna mtoto hospitalini, na kwamba siwezi, na kwamba hata yeye akinifukuza siwezi. Akamtafsiria mama yake, nafikiri ili amsaidie kunikemea. Kizee alinitazama, akautazama ukuta. Akainua mkono kumnyamazisha mwanawe. "Bado," akasema.

Mkahawa ukafunguliwa na joka lisilo na macho. Wageni walikula wakasifu. Siku mbili baadaye Fundi Omari alipita Msambweni akitokea kazini, akaja moja kwa moja jikoni kwa Bibi akiwa bado na vumbi. "Ameketi," akasema. "Anakunywa uji na anaudai zaidi." Nilikaa sakafuni, pale pale kwenye maganda ya vitunguu, nikalia hadi Bibi akaniletea maji. Kisha nikaosha uso, nikapanda ngazi, nikaweka macho.

Mtoto alipokwisha kuruhusiwa, nilirudi Ukunda kuchukua nguo zangu siku ya Jumapili, na kwa kuwa nyumba ilikuwa imefungwa nikapita kanisani. Nilisimama nyuma. Mama Kasyoka alikuwa mbele anatoa ushuhuda, mtoto mgongoni. Alisema joka liliingia nyumbani mwake, likalala kitandani na mtoto wake, likataka kumchukua. Likachomwa moto, na mtoto akafufuka. Watu walipiga vigelegele. Hakusema hospitali. Hakusema Jumapili wala Jumatano. Nilijua ninaweza kupita katikati ya viti vile na kulisema lote, na nilijua pia kwamba akiondolewa joka lile atabaki na zile siku peke yake, usiku na mchana, kwa maisha yake yote. Niliondoka kabla ya wimbo. Nguo zangu nilizikuta zimekunjwa vizuri kwa jirani, zimefuliwa na kupigwa pasi.

Basi hilo ndilo nililokuwa nimelibeba nilipokwenda Shimba Hills. Baada ya maziko watu waliketi kula chini ya turubai, na Kasyoka, mwanamke mzima sasa, mwalimu wa nasari huko Samburu, akanichukua kando, kwenye kibaraza cha jikoni, akanipa kiti. Ana paji la uso la mama yake. "Anti," akasema, "kanisani nimekua nikiitwa mtoto wa joka. Nataka kusikia kwako. Ilikuwaje?"

Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi. Nikamwambia nilichora, ndiyo. Nikamwambia aliugua sana, na mama yake akamfunga kifuani akamkimbiza Msambweni, na hakubanduka kwenye kile kitanda. Kila neno lilikuwa kweli.

"Ni hayo tu?" akauliza.

"Ni hayo tu, mwanangu."

Kasyoka akatazama mikono yake. "Mama aliniambia yote, Anti. Zile siku tatu. Alivyomdanganya daktari, na ulivyosema wewe. Aliniambia nilipojifungua mwanangu wa kwanza, ili nisije nikangoja kama yeye. Nilikuwa nataka kuona kama utamsema vibaya siku ya maziko yake."

Ndani, wanawake walikuwa wakigombania sufuria kwa vicheko vya chini.

"Tena alinipeleka kuliona," akasema. "Kabla hawajaubomoa ule mkahawa. Nilikuwa darasa la nne au la tano. Tulivaa nguo za kanisa. Aliagiza soda moja na glasi mbili, tukakaa chini ya ule ukuta, yeye anatazama tu. Nilidhani tutakemea pepo, nikawa ninangoja aanze kuomba. Hakuomba. Soda ilipokwisha akamwita mhudumu akamuuliza, yule msichana aliyechora hiki bado huja hapa?"

"Akaambiwaje?"

"Kwamba hawakujui. Basi akalipa tukatoka. Njiani akaniambia, 'Umeona magamba yale? Hakuruka hata moja. Huyo ni Ndinda, nililala naye kitanda kimoja.'"

Wakati huo nilikuwa nikiishi Kombani, si mbali na pale, nina bango langu mwenyewe kando ya barabara, na kila nilipokuwa na shughuli ya Ukunda nilimtuma mtu, nisije nikakutana na mama yake.